Tairi Linalopungua Upepo Polepole



Kamati imenitaka niseme machache juu ya jambo nilijualo kutokana na kazi yangu. Mimi ni afisa mifugo. Chuo Kikuu nilifundishwa magonjwa ya wanyama. Vijijini nikafundishwa matairi. Nimechagua kuzungumzia pancha, hasa ile isiyojionyesha: tairi la pikipiki ambalo jioni limejaa na asubuhi limelegea.

Msinicheke, ndugu zangu. John Boyd Dunlop, aliyepata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, alikuwa daktari wa mifugo mjini Belfast. Kwa hiyo sijatoka nje ya fani yangu.

Pancha ya ghafla humlazimisha mtu kusimama. Hii ya polepole humdanganya. Anajaza upepo, anaondoka, kesho anajaza tena. Kumbe tairi lililolegea hupata moto, huyumbisha pikipiki kwenye kona, na likigonga jiwe tyubu hubanwa na rimu ikatoboka. Kwangu hasara haiishii hapo. Chanjo ya kideri tunaitoa alfajiri, kuku wangali bandani. Nikichelewa, kuku wametawanyika na mwenyewe amekwenda shamba. Na kideri kikiingia katika kijiji kisichochanjwa, huweza kumaliza karibu kuku wote. Kuku hao ndio madaftari na sare za watoto.

Basi tufanyeje?

Kwanza, tuanze na valvu. Weka maji ya sabuni mdomoni mwake. Povu likifura, kaza kile kijiti cha ndani au kibadilishe. Huna haja ya kufungua tairi.

Pili, zungusha gurudumu taratibu ukitafuta mwiba au msumari. Kabla ya kutoa tairi, lipige alama ya chaki mahali valvu ilipo. Alama hiyo itakusaidia baadaye.

Tatu, toa tyubu, ijaze upepo hadi ivimbe kidogo, uizamishe katika beseni sehemu kwa sehemu. Usiwe na haraka: tundu dogo hutoa povu moja moja. Kama maji ni ya shida, ipitishe tyubu karibu na midomo yako. Ngozi hiyo husikia upepo mdogo sana.

Nne, na hapa ndipo wengi huharakisha, uliza tundu limetokana na nini. Likiwa upande wa nje, rudi kwenye alama yako ya chaki, pima, utafute mwiba ndani ya tairi mahali pale pale. Pitisha kitambaa, si vidole vitupu, mwiba utakinasa. Likiwa upande wa rimu, tazama ncha za spoki na ule utepe unaozifunika. Matundu mawili yaliyokaa sambamba ni dalili ya kubanwa. Tundu likiwa kwenye shina la valvu, kiraka hakitashika. Nunua tyubu nyingine. Kuziba tundu na kuuacha mwiba ni kazi ya kurudia.

Tano, kausha, sugua kwa msasa, paka gundi nyembamba, usubiri mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka na kukikandamiza hadi kingo zake. Unaporudisha tairi, tia tyubu upepo kidogo isijikunje, na uangalie valvu isimame wima. Jaza kwa kipimo cha mtengenezaji, kisha pima tena kesho yake asubuhi. Kipimo hicho cha asubuhi ndicho ushahidi kwamba kazi imekwisha.

Ndugu Mwenyekiti, vijana wengi watokao hapa wataendesha pikipiki, baadhi yao wakibeba abiria. Huenda siku moja abiria huyo akawa mama mjamzito anayewahishwa zahanati usiku, mahali pasipo fundi. Naomba chama chetu kiinunulie karakana ya shule pampu moja, geji ya upepo, vyuma vya kutolea tairi, viraka na gundi, pamoja na gurudumu moja kuukuu la kujifunzia. Gurudumu hilo nitalileta mimi.