Tarakimu Nne za Kazi

Lipo jambo linalostahiki taamuli, nalo ni hili: Uingereza humpimia mgeni viza ya kazi si kwa cheti chake pekee, bali kwa tarakimu nne za kazi zilizoandikwa katika hati ya udhamini ya mwajiri. Muuguzi wa Nairobi aliyeshika sindano wodini miaka ayami, akikubali kwa dhiki ya ajira hati yenye namba 6135, huhesabiwa mtunza wazee. Na mlango wa namba hiyo, tangu tarehe 22 Julai 2025, umefungwa kwa waombaji wapya walioko nje, ilhali ule wa wauguzi waliosajiliwa ungali wazi.

Sasa tugeukie upande wa pili. Serikali ile, ikitetea kuufunga mlango huo, husema, wala si bila ya hoja, kwamba baadhi ya waajiri waliwadhulumu wageni, wengine wakafika wakakuta kazi yenyewe haipo. Walakini, huruma yangu i kwa yule aliyekwisha kuuza shamba la babaye ili amlipe wakala. Je, ni nani kwetu mwenye wajibu wa kumsomea msafiri tarakimu hizo kabla hajatia saini?