Mbegu za Nyanya Yako

 

Mtoto akitimiza miezi 6, maziwa ya mama pekee hayamtoshi. Anahitaji chakula chenye madini ya chuma, asije akapungukiwa na damu. Kunde, terere na managu zina madini hayo. Lakini wazee waliotunza mbegu zake wakifariki, nazo hupotea.

Jiunge na kikundi cha akina mama wenye shamba la pamoja. Tumieni samadi iliyooza vizuri. Acheni miche michache ikomae, mkaushe mbegu kivulini, mzichanganye na majivu, kisha mgawane.

Ukimpikia mtoto mboga, zikamulie limau. Husaidia mwili kupokea chuma. Chai huzuia, usimpe.

Je, nyanya yako angali hai? Kamwombe mbegu leo. Kwaheri.