Kijana wa Rwimbogo na Viti Viwili vya Bunge



Baraza la Wabunge la Rwanda lina viti 80. Viti 53 hugombewa na vyama pamoja na wagombea binafsi mbele ya wananchi wote, viti 24 ni vya wanawake, kimoja ni cha watu wenye ulemavu, na viwili ni vya vijana. Tarehe 15 Julai 2024, kijana aliyetimiza miaka 18 katika sekta ya Rwimbogo, wilayani Rusizi, katika pembe ile ya kusini-magharibi iliyokuwa ikijulikana kwa jina la Cyangugu, alikuwa na haki ya kupiga kura mbili kwa siku moja, ya rais na ya wabunge. Kesho yake wakachaguliwa wabunge wawili wa vijana, wala yeye hakuitwa kituoni.

Je, alidhulumiwa? La hasha. Viti hivyo viwili hupatikana kwa njia ya Baraza la Taifa la Vijana. Neno lake kijana hulisema mapema, na hulisema chini kabisa, karibu na nyumbani kwao, siku ya kuchagua kamati ya vijana. Kutoka hapo kamati hupandishana ngazi kwa ngazi, hadi wilaya, hadi taifa.

Wapo wanaosema kuwa ngazi hiyo ni ndefu mno, na kwamba mbunge anayechaguliwa na watu wachache huwaogopa hao wachache. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kupuuzwa. Lakini ni ajabu kwamba aghalabu wanaolalamika juu ya kileleni ndio hao hao ambao siku ya kuchagua kamati walikuwa na shughuli nyingine. Kamati ya vijana huonekana kuwa jambo dogo. Huachiwa yeyote mwenye mdomo mwepesi. Ilhali mratibu wa vijana wa wilaya huingia katika halmashauri ya wilaya, na huko ndiko yanakojadiliwa mambo yanayomhusu kijana wa Rusizi kila siku: mpunga wa bonde la Bugarama, barabara, na biashara ya mpakani na Bukavu. Ikiwa kijana hakujali nani anaingia humo, basi asishangae atakapokuta limekwisha amuliwa.

Jambo hili linawahusuje watu wa kambini na vituoni? Linawahusu sana, na Cyangugu yenyewe ni shahidi. Vyama vingi viliporuhusiwa nchini Rwanda mwaka 1991, vyama vilishindana kuwavuta vijana. MRND ilikuwa na Interahamwe, MDR ikawa na Inkuba, PSD ikawa na Abakombozi. Kijana hakuulizwa maoni yake. Alipewa nyimbo, sare na pombe, na wale wa Interahamwe wakapewa mafunzo ya silaha, wapo wanajeshi waliowafundisha. Mwaka 1994 vijana hao walikuwa mstari wa mbele katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Luteni Samuel Imanishimwe, aliyekuwa kamanda wa kambi ya Karambo huko Cyangugu, alihukumiwa na Mahakama ya Arusha mwaka 2004 kifungo cha miaka 27; rufani ya mwaka 2006 ikaipunguza adhabu hiyo kuwa miaka 12. Kuwatumia vijana ni kitu kimoja, na kuwapa vijana uwakilishi ni kitu kingine kabisa.

Ndiyo maana sheria za nchi hizi zimeweka mpaka. Rwanda hairuhusu mwanajeshi wala polisi kuwa mwanachama wa chama cha siasa. Tanzania, ambayo zamani za chama kimoja askari wake walikuwa pia wanachama, ilibadili jambo hilo vyama vingi viliporudi mwaka 1992: askari haruhusiwi kujiunga na chama, lakini haki yake ya kupiga kura imebaki. Uganda imefuata njia yake, kwa kuwa bungeni mwake jeshi lina viti 10, na vijana wana 5. Yumkini msikilizaji atajiuliza kwa nini bunduki izidi ujana mara mbili. Ni swali la haki.

Tena askari anayelinda kituo cha kura aghalabu ni rika la huyo anayepanga foleni. Nchini Kenya, tarehe 25 Juni 2024, wiki tatu tu kabla ya kura ya Rwanda, vijana waliokataa Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge mjini Nairobi. Polisi wakafyatua risasi na watu wakauawa. Kesho yake Rais Ruto akatangaza kuwa hatautia sahihi mswada huo. Wabunge walikuwa wamekwisha upitisha, na vijana wale walikuwa na wawakilishi kwa mujibu wa katiba. Ila hawakuona kuwa wanawakilishwa. Kikosi cha polisi hakiwezi kuiziba nafasi hiyo kati ya mbunge na mpiga kura, na si kazi yake kuiziba.

Uchaguzi ujao wa wabunge nchini Rwanda unatazamiwa mwaka 2029. Yule ambaye mwaka 2024 alikuwa na miaka 16 kule Rwimbogo, akawatazama kaka zake wakienda kupiga kura, atakuwa ametimiza miaka 21, ambao ndio umri wa kugombea ubunge.