Bandari ya Hambantota na Uvumi wa Mikopo ya China

Bandari ya Hambantota, kusini mwa Sri Lanka, ilifunguliwa mwaka 2010 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Meli zikawa haba. Mwaka 2017 serikali iliikodisha kwa kampuni ya China Merchants Port kwa miaka 99, ikalipwa dola bilioni 1.12. Tangu hapo, penye ubishi kuhusu Marekani na China hapakosi wa kudai kwamba Wachina waliitwaa bandari kufidia deni. Mike Pence, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alidai hayo mwaka 2018, na vijiweni yangali yanarudiwa, kahawa mkononi, kana kwamba msemaji alishuhudia mkataba ukitiwa saini.

Deni halikufidiwa. Fedha za kodi ziliingia katika akiba ya fedha za kigeni, na mkopo wa Exim ukabaki palepale, hazina ikiendelea kuulipa. Sri Lanka iliposhindwa kulipa madeni ya nje, Aprili 2022, fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la hati fungani zilizouzwa katika masoko ya kimataifa. Wanaoilaumu China hulipita hilo kimya. Wanaoitetea nao hawagusi habari ya bandari iliyokosa meli.

Uvumi huu una hasara: huwapoteza watu wasione vifungu vinavyouma. Novemba 2021 simu za Waganda zilijaa habari kwamba uwanja wa ndege wa Entebbe umechukuliwa na China kwa sababu ya deni. Haukuwa umechukuliwa, wala haukuwekwa rehani. Mkataba wa mkopo wa China kwa uwanja huo, wa mwaka 2015, ulipochapishwa, ulionyesha kwamba mapato ya uwanja yatangulie kulipa deni, na kwamba Uganda iweke fedha taslimu katika akaunti ambayo mkopeshaji anaweza kuikamata. Hayo ndiyo ya kupigiwa kelele, lakini ni wachache walioyasambaza. Anayetuma ujumbe kwenye kundi la familia kabla hata ya kunawa uso aulize kwanza riba ni kiasi gani, dhamana ni nini, na mgogoro utaamuliwa wapi.

Bandari ya Mombasa, Kenya, nayo ilivumishiwa hivyo hivyo mwishoni mwa 2018, kwa sababu ya mkopo wa China wa reli ya SGR. Sehemu ya mikataba ya reli hiyo iliwekwa hadharani Novemba 2022. Kwa miaka karibu minne Wakenya walikuwa wakibishania karatasi ambazo serikali ilikuwa imezifungia kabatini.