Amri Isiyo na Mwamrishaji: Lugha ya Maelekezo katika Sanaa ya Yoko Ono

Mwezi Februari 2024 Tate Modern, makumbusho ya sanaa ya kisasa yaliyo kando ya mto Thames jijini London, yalifungua maonyesho makubwa ya kazi za Yoko Ono, msanii aliyezaliwa Tokyo mwaka 1933. Maonyesho hayo, yaliyopewa jina Music of the Mind, yaani muziki wa akilini, yalikusanya kazi zaidi ya 200 za miongo saba. Yalifungwa London mwezi Septemba mwaka huohuo, yakahamia Düsseldorf, kisha Berlin, na mwezi Oktoba 2025 yakafunguliwa Chicago. Maonyesho ya namna hii, ya kurejelea kazi za maisha yote ya msanii mmoja, kwa desturi humwalika mgeni kutazama vitu: picha, sanamu, michoro. Hapa sehemu kubwa ya kilichotazamwa ilikuwa karatasi zilizopigwa taipu, kila moja ikiwa na sentensi mbili tatu za kumwambia msomaji afanye jambo fulani. Ndiyo sababu maonyesho hayo yanawahusu wanaisimu kama yanavyowahusu wahakiki wa sanaa. Iwapo kazi ya sanaa ni kitenzi kilicho katika hali ya kuamuru, makumbusho yanaonyesha nini hasa? Na kitenzi hicho kikitiwa katika Kiswahili, lugha ambayo haimruhusu mtu kuamuru bila kubainisha anaamuru kwa namna gani, kinabaki kuwa kazi ileile?

Historia yake inaanzia mbali na kumbi za sanaa. Mwaka 1945, mji wa Tokyo ulipokuwa ukiteketezwa kwa mabomu, Ono na wadogo zake walihamishiwa mashambani, mkoani Nagano. Alikuwa na umri wa miaka 12. Familia iliyokuwa ya watu wa benki ilijikuta ikibadilishana vyombo vya nyumbani kwa chakula. Ono amesimulia mara nyingi jinsi yeye na mdogo wake wa kiume walivyokuwa wakilala chali, wakitazama anga na kuandaliana kwa maneno vyakula ambavyo havikuwapo. Wahakiki wengi huipita habari hii upesi kama kisa cha utotoni. Kwa mwanaisimu ndiyo kiini cha mambo yote yaliyofuata, kwani mtoto yule aligundua kuwa tamko linaweza kumfanyia kazi msikilizaji hata pale ambapo hakuna kitu chochote cha kulithibitisha. Hakumlisha mdogo wake. Alimtaka afikirie kula, naye akafikiria.

Mwaka 1955, akiwa kijana wa miaka 22, Ono aliandika mojawapo ya kazi zake za awali kabisa za maelekezo, ambayo inahusu njiti ya kiberiti na muda ambao mwali wake unadumu. Mwaka huohuo J. L. Austin alikuwa Harvard akitoa mihadhara iliyokuja kuwa msingi wa nadharia ya vitendo usemi. Mihadhara hiyo ilichapishwa mwaka 1962, Austin akiwa amekwisha kufariki. Mwaka 1962 ndio pia Ono alioutumia kuonyesha maelekezo matupu katika kituo cha sanaa cha Sogetsu, Tokyo: hapakuwa na picha wala rangi, bali karatasi zilizoandikwa Kijapani. Mwandiko haukuwa wake. Alimwomba mume wake wa wakati huo, mtunzi wa muziki Toshi Ichiyanagi, ayanakili kwa hati safi, ili mtazamaji asije akavutwa na mkono wa msanii na kuyasahau maneno. Si lazima kudai kuwa mmoja alimsoma mwenzake. Inatosha kusema kuwa katika miaka hiyo mwanafalsafa na msanii, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wakiuliza swali moja: neno linatenda nini?

Mwaka 1964 maelekezo hayo yalikusanywa katika kitabu Grapefruit, kilichotolewa Tokyo kwa nakala 500. Mengine yanatekelezeka kwa mikono, mengine hayatekelezeki ila akilini. Muundo wao ni ule wa muziki ulioandikwa kwa nota: karatasi si muziki, lakini yeyote aliye nayo anaweza kuupiga, leo au baada ya miaka mia moja, na kila mara utakuwa ni ule ule na si ule ule. Hapo ndipo inapokaa hoja ya sanaa dhana, kwamba wazo ndilo kazi, na ya sanaa shirikishi, kwamba kazi haijakamilika mpaka mwingine aishike.

Sasa Kiswahili kiingie. Katika Kiingereza kitenzi cha kuamuru hakitofautishi mmoja na wengi. Kijapani nacho hakidai idadi, ila kinadai kiwango cha adabu. Kiswahili kinataka vyote viwili. Mtu akiambiwa "washa", ni mmoja. Wakiambiwa "washeni", ni wengi. Akiambiwa "uwashe", amri imelegezwa ikawa ombi, ushauri au matarajio. Mfasiri hana pa kujificha. Inaelekea kuwa umoja ndio unaofaa, hata ukutani mahali ambapo mamia ya watu hupita kwa siku, na matumizi ya kawaida ya lugha yanaunga mkono uamuzi huo: vibao vya Afrika ya Mashariki husema "funga mlango" na "usiguse", si "fungeni" wala "msiguse", kwa kuwa kibao humkuta kila msomaji peke yake. Kutumia wingi kungewageuza wageni wa makumbusho kuwa wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi.

Swali la hali ni zito zaidi. Mfano wake bora ni kazi iliyo maarufu kuliko zote, Cut Piece, ambayo Ono aliitenda kwa mara ya kwanza Kyoto mwezi Julai 1964, kisha Tokyo, na Machi 1965 New York. Msanii hupiga magoti jukwaani akiwa amevaa nguo zake nzuri, mkasi ukiwa mbele yake. Hadhira hutangaziwa kuwa watu wanaweza kupanda mmoja mmoja, kukata kipande kidogo cha nguo na kwenda nacho. Yeye hasogei wala hasemi. Filamu iliyopigwa New York na ndugu wawili wa Maysles inaonyesha jinsi ukataji ulivyobadilika: wa kwanza wanakata kwa haya, pembeni kabisa, baadaye anapanda kijana mmoja ambaye hakati kipande kidogo, anakata mpaka kanda za sidiria, na Ono anajifunika kifua kwa mikono.

Jina la kazi kwa Kiingereza linasikika kama amri, na wafasiri wengi wangeandika "kata" bila kusita. Lingekuwa kosa. Tangazo halikuamuru, liliruhusu: "mnaweza kukata." Tofauti ya kisarufi hapa ni tofauti ya kimaadili. Aliyeamriwa anaweza kusema kuwa alitii. Aliyeruhusiwa hana wa kumsingizia. Kijana yule wa New York hakutumwa na mtu. Zaidi ya hayo, maelekezo yanampa mtendaji haki moja tu, nayo ni ya kuamua kazi iishe lini. Ruhusa kwa wengi, ukomo kwa mmoja: katika matini fupi kiasi hicho ni vigumu kupata mgawanyo wa mamlaka ulio wazi zaidi. Ono aliitenda tena mjini Paris mwaka 2003, akiwa na miaka 70.

Jambo ambalo halitajwi sana ni mahali ambapo kazi hiyo ilitendwa London mwezi Septemba 1966. Ilikuwa ni Africa Centre, katika mtaa wa King, Covent Garden, nyumba iliyofunguliwa na Kenneth Kaunda mwaka 1964 ili iwe makutano ya Waafrika na marafiki zao mjini humo. Ono alikuja kuhudhuria kongamano la wasanii lililohusu uharibifu katika sanaa. Hakuna haja ya kukuza kiungo hiki kupita kiasi. Ukumbi ulikodiwa kama kumbi zinavyokodiwa. Hata hivyo, si vibaya mwanafunzi wa Kiafrika anayetembea Southwark leo ajue kuwa Tate Modern na Africa Centre, ambayo ilihamia huko na kufungua milango mwaka 2022, ni majirani.

Novemba 1966, katika ukumbi wa Indica mjini London, Ono aliweka ngazi nyeupe chini ya karatasi iliyotiwa fremu darini. Aliyepanda alipewa kioo cha kukuzia, na kwa kioo hicho alisoma neno moja dogo sana: la Kiingereza, la kukubali. John Lennon alipanda, na habari ya kupanda kwake imeelezwa mara nyingi mno kuliko kazi yenyewe. Neno hilo lingeandikwaje kwa Kiswahili? "Ndiyo" limejengwa kwa ndi- ya kusisitiza pamoja na kirejeshi. Kwa asili yake linaonyesha kidole, linasema "hiyo hasa", hivyo linadai kuwa kuna jambo lililotangulia. "Naam" ni itikio la aliyeitwa, na kwa adabu ya mwambao ni itikio la mwanamume. Mwanamke aliyeitwa hujibu "labeka" au "abee". Neno la Ono halijibu swali wala wito wowote. Kiswahili kingelazimika kumuuliza aliyepanda ngazi: nani kakuita, na wewe ni nani unayejibu? Pengine "ndiyo" lingetosha, kwa kuwa swali lililotangulia ni jitihada yenyewe ya kupanda.

Ila ngazi ile, inapoonyeshwa miaka hii, haipandwi. Imekuwa kumbukumbu, ina thamani, ni dhaifu, na mgeni huitazama kwa mbali. Hapa ndipo maonyesho ya kurejelea maisha ya msanii wa aina hii yanapoingia mashakani. Lugha ya makumbusho ni amri ya kukanusha: usiguse, usikaribie, usipige picha. Lugha ya Ono ni ya kuyakinisha. Zote mbili zikikutana juu ya kitu kimoja, kanusho hushinda, na kile kilichokuwa "panda" hugeuka kuwa "ilipandwa". Kitenzi kimepewa njeo iliyopita na kufungiwa ndani yake. Tate Modern ilikabili tatizo hilo kwa kutengeneza upya kila kilichoweza kutengenezwa. Wageni walipigilia misumari, waliingia ndani ya mifuko ya kitambaa, walicheza sataranji ambayo kete za pande zote mbili ni nyeupe, na waliandika kwa rangi ya buluu juu ya mashua nyeupe na kuta za chumba chake, mpaka weupe ukamezwa. Kazi hiyo inawakumbuka wakimbizi wanaovuka bahari. Suluhisho hili linakubalika, kwa sababu nakala ya msumari ni msumari. Kilichohifadhiwa ni sentensi, si kitu.

Ono mwenyewe alikwisha kulidokeza jambo hilo kwa dhihaka. Desemba 1971 alitangaza magazetini kuwa ana maonyesho yake mwenyewe katika Museum of Modern Art, New York. Makumbusho hayakuwa na habari. Waliofika walimkuta nje mtu aliyevaa bango, likieleza kuwa nzi wameachiwa huru na umma unaalikwa kuwafuata mjini. Maonyesho yote yalikuwa ni tamko. Mwaka 2015 makumbusho hayohayo yalimwandalia maonyesho rasmi, safari hii yakiwa na kuta.

Wasomi wa fasihi simulizi wanaweza kushawishika kusema kuwa haya yote yamo katika kitendawili. Ulinganisho huo una faida, ila si ile inayodhaniwa. Mtegaji husema "kitendawili", na hadhira ndiyo inayoamuru: "tega!" Baadaye, ikishindwa, hutoa mji. Mamlaka huzunguka, na jibu lipo, linajulikana na jamii. Katika maelekezo ya Ono mamlaka hayarudi kwa msanii, wala hakuna jibu. Anayeyasoma hawezi kushindwa wala kushinda, hivyo hakuna mji wa kutoa.

Kuna kazi moja ambayo Kiswahili kingeifaa kuliko lugha ilizoandikwa. Tangu mwaka 1996 Ono amekuwa akisimamisha miti ambayo watu huifungia karatasi walizoandika matakwa yao. Ilikuwapo pia Tate Modern, na matakwa zaidi ya milioni moja yaliyokusanywa duniani yamehusishwa na mnara wa mwanga aliouzindua mwaka 2007 katika kisiwa cha Viðey, Iceland. Katika Kiingereza, maelekezo yaliyo mbele ya mti yana umbo moja na takwa linaloandikwa lina umbo jingine. Katika Kiswahili, kiambishi tamati -e hubeba vyote. "Uandike" ni maelekezo. "Upone", "arudi salama", "mvua inyeshe" ni dua, na vitenzi vya asili ya Kiarabu kama "arudi" huingia humo humo bila hata kubadili irabu. Tena amri kavu yenyewe hulainika mara tu inapotaja inachokitenda: "funga", lakini "ifunge". Anayeelekeza na anayeomba husimama katika umbo moja la kitenzi, na mtoto wa Nagano aliyemtaka mdogo wake afikirie chakula hangelazimika kuchagua kama anamwamuru au anamwombea. Mfasiri wa Grapefruit kwa Kiswahili angefanya vyema kuanzia hapo, na kuiacha "washa" kwa zile kurasa chache ambazo kiberiti kimo mkononi kweli.