Digrii za Ng'ambo na Fedha za Chama
Hotuba ya Halmashauri ya Elimu, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika mkutano wa mwaka uliopita mlituagiza tuchunguze habari za vijana wetu watakao kwenda kusoma ng'ambo, ili fedha za chama zisitoke pasipo kujulikana ziendako. Mliagiza hivyo kwa sababu ya jambo mnalolijua wote, nasi hatutalificha. Binti wa mwanachama mwenzetu aliambiwa na wakala ya kwamba amepata nafasi ya kusomea udaktari. Chama kikatoa fedha, jamaa zake wakauza ng'ombe watatu na kipande cha shamba. Miaka mitatu ilipotimia akarudi na digrii njema ya sayansi za tiba, lakini digrii hiyo ni ya mambo ya maabara, wala haimpi mtu ruhusa ya kutibu wagonjwa. Kosa halikuwa lake. Sisi ndio tulioishika ile barua, tukaona neno "tiba", tukatia sahihi.

Basi tumejifunza ya kwamba kazi yaweza kuwa moja, na njia za kuifikia zisifanane hata kidogo. Uingereza mwanafunzi huingia katika udaktari moja kwa moja, akasoma miaka 5 au 6. India ni miaka 4 na nusu, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Marekani sivyo: huko kijana husoma kwanza digrii nyingine kwa miaka 4, ndipo aombe chuo cha udaktari kwa miaka 4 mingine, na vyuo vingi vya udaktari vya huko havipokei wageni. Sheria nayo ni hivyo hivyo. Mwingereza huisoma kama digrii ya kwanza, Mmarekani huisoma baada ya digrii ya kwanza. Kwa hiyo mzazi akiambiwa mwanawe yuko Marekani mwaka wa kwanza "anasomea udaktari", na aulize tena.

Iko pia hesabu ya miaka. Watu hupenda Uingereza kwa kuwa digrii nyingi za huko ni za miaka 3, na Marekani ni 4. (Scotland pia ni 4, ingawa wengi hudhani ni sawa na London.) Lakini wazee wetu mwakumbuka Kidato cha 5 na cha 6, ambacho mtihani wake wa mwisho ulifanywa hapa Kenya mwaka 1989. Vyuo vikuu vingi vya Uingereza vyataka bado elimu ya kiwango kile. Hivyo kijana mwenye cheti cha Kidato cha 4 huambiwa asome kwanza mwaka wa matayarisho, nao una ada yake. Ile miaka 3 imekwisha kuwa 4, na mzazi alikuwa amechanga ya 3.

Habari za Ujerumani ndizo zilizotuletea maswali mengi. Ni kweli ya kwamba vyuo vikuu vya serikali huko, mahali pengi, havitozi ada ya masomo. Jimbo la Baden-Württemberg ndilo hutoza wageni wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula, tangu 2017. Hata hivyo kijana hana budi kuonyesha fedha za maisha yake ya mwaka mzima, nazo tangu 2024 kwa kawaida ni euro 11,904 zilizowekwa benki. Tena digrii za kwanza nyingi hufundishwa kwa Kijerumani. Mwenye kusema "ni bure" amesema nusu.

Wazee wengine mlio hapa mlikuwa watoto mwaka 1959, ndege ilipoondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani, kwa juhudi za marehemu Tom Mboya na wenzake. Mwaka 1960 akaenda Wangari Muta, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Wangari Maathai. Alisoma biolojia katika chuo kidogo mjini Atchison, Kansas, akapata digrii mwaka 1964, na ya pili Pittsburgh mwaka 1966. Digrii yake ya juu kabisa aliipata Nairobi mwaka 1971. Twamtaja kwa kuwa wapo kati yetu waonao haya mtoto akisoma nyumbani. Haya hiyo sisi hatuielewi. Misaada mingi ya masomo itolewayo na serikali za nje, kama ule wa Chevening wa Uingereza, ni ya digrii ya pili. Na digrii ya pili ya Uingereza mara nyingi humalizika kwa mwaka mmoja. Aliyesoma vizuri hapa kwanza ndiye mwenye kuifikia.

Hatukupatana katika yote. Wajumbe wawili walitaka fedha za chama zisiende ng'ambo kabisa, na maneno yao hayakuwa mepesi: ada ya mwaka mmoja ya mtu mmoja huko yaweza kusomesha vijana kadhaa katika vyuo vya ufundi vya hapa. Wengine tuliona tusifunge mlango, bali tuulinde. Hilo twawaachia ninyi mlipigie kura leo.

Mkikubali mlango ubaki wazi, twaomba kanuni moja tu. Hundi isiandikwe kabla mwombaji hajaleta orodha ya masomo yote ya digrii yake, mwaka kwa mwaka, pamoja na jibu la Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwamba chuo hicho chatambuliwa; na ikiwa ni kazi yenye baraza lake, kama udaktari au uhandisi, basi jibu la baraza hilo pia. Barua ya wakala haitatosha.

Maombi mawili ya mwaka huu yako kwa Katibu. Yule binti tuliyemtaja amekubali kukaa nasi, naye ndiye atakayeyasoma kwanza.