Mali Bila Daftari



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ulithibitika Buterere, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Februari, 2014. Mvua kubwa iliteremsha maji na matope kutoka milimani, yakazivamia Kamenge, Kinama, Buterere na mitaa ya jirani. Watu zaidi ya 60 walipoteza maisha, na nyumba kwa mamia zikabomoka. Roho ya binadamu haina bei, wala hakuna bima iwezayo kuirudisha. Lakini waliosalimika walikabiliwa na swali zito: ndani ya nyumba iliyoanguka mlikuwa na nini, na thamani yake ilikuwa kiasi gani?

Swali hilo hilo lilikuwa limeulizwa mwaka mmoja kabla yake, tarehe 27 Januari, 2013, Soko Kuu la Bujumbura lilipoteketea kwa moto. Wafanyabiashara wengi hawakuwa na bima. Na hata mwenye bima hulazimika kuthibitisha alichopoteza, ilhali daftari lake limeungua pamoja na bidhaa.

Wako wanaodhani kwamba kukadiria thamani ya vitu ni shughuli ya matajiri. Dhana hiyo si sahihi. Tangu Desemba 2007, Burundi ilipopeleka majeshi kulinda amani Somalia, wako askari waliotumia posho zao kujenga nyumba na kununua vitu vya thamani. Bangili ya dhahabu ya mke, saa nzuri ya mkononi, ngoma au kinyago cha urithi, vyote hivyo ni jasho la miaka mingi. Kampuni ya bima haiwezi kuvilipia kwa kuambiwa tu kwamba vilikuwapo.

Hapana budi makadirio yafanywe kabla ya janga. Dhahabu hupimwa kwa uzito na kwa usafi wake: ile ya karati 24 ni safi, na ile ya karati 18 ina sehemu 75 za dhahabu katika kila sehemu 100. Saa hutambulikana kwa jina la mtengenezaji, namba yake na hati ya ununuzi. Kitu cha kale huhitaji mjuzi wa kueleza umri wake, hali yake na asili yake. Mthamini mwaminifu hutoa hati iliyoandikwa, yenye tarehe na sahihi. Asiwe yule yule anayetaka kukinunua kitu hicho, maana mnunuzi hupunguza bei. Wala ujira wake usifuate ukubwa wa thamani anayoitaja, maana hapo atashawishika kuiongeza.

Mwenye kutaja thamani ndogo ili alipe ada ndogo hujidanganya. Tuseme mali ya nyumba ina thamani ya faranga milioni 10, lakini imekatiwa bima ya milioni 5. Ikitokea hasara ya milioni 4, kampuni inaweza kulipa milioni 2 tu, kwa kuwa mwenye mali alijikinga nusu. Naye anayezidisha thamani hapati faida, kwani bima hufidia hasara, haitajirishi mtu. Zaidi ya hayo, bei ya dhahabu hupanda na kushuka. Hati ya miaka mingi iliyopita haitoshi leo.

Mkazi wa Buterere ana jambo jingine la kuangalia. Mtaa huo uko bondeni, na adui wake mkubwa ni maji. Bima ya moto peke yake si bima ya mafuriko. Mwenye kutia sahihi mkataba sharti aulize waziwazi kama maji yametajwa, na jibu alione katika maandishi. Nakala za hati na picha za vitu zisikae katika sanduku moja na vitu vyenyewe. Ziwekwe kwa ndugu wa mtaa mwingine, au benki.

Kwa askari, suala hili lina upande wa pili. Moto ukizimwa au maji yakipungua, polisi ndiye anayefika na kuandika taarifa. Taarifa yenye saa, mahali, chanzo na orodha ya vilivyoonekana huweza kumsaidia mjane kupata haki yake. Taarifa ya ovyo huweza kumnyima. Vile vile huwaumbua walaghai wanaodai vitu ambavyo hawakuwa navyo kamwe.

Askari hufundishwa kuhesabu silaha na risasi kabla ya kwenda zamu na baada ya kurudi. Kwake, kuhesabu mali ya nyumbani si kazi ngeni. Mvua za Buterere zitanyesha tena, na daftari liandikwe kungali kukavu.